Vitegemeo vya kujitengenezea vya dabo besi: kipi kinafaa, kipi hapana

Mi napiga dabo besi, ile ala kubwa ya nyuzi yenye umbo la fidla, nimesimama, stuli sitaki, so shida yangu ni ile ile ya kila anayesimama: chombo kina kilo 10 hivi, kimekaa kwenye ncha moja ya chuma, na kinachokizuia kisiende chini ni nyonga yako, goti, na usipokuwa makini kidole gumba cha kushoto. Hapo kwenye gumba ndo pabaya. Likishaanza kubeba shingo basi mkono wote unakaza, kuhama pozisheni kunakuwa kwa kuvutana, na shoo ikifika katikati kiganja kinawaka. Kwa hiyo kitegemeo chochote nakipima hivi tu: natoa mkono wa kushoto kabisa, napiga nyuzi tupu kwa upinde, afu naangalia besi inabaki ama inazunguka na kuondoka.

Kabla ya yote cheza kwanza na urefu wa ule mguu wa chuma. Kile kijiti cha juu shingoni nyuzi zinapopita kwenda kwenye vigingi kikae usawa wa nyusi, kidogo juu kidogo chini ni wewe na mwili wako. Watu kibao wanahangaika na mbao na sponji kumbe mguu tu ni mfupi.

Mkanda wa begani, unaofungwa chini ya shingo na kule kwenye mkia wa nyuzi, nao nimeujaribu na siupendekezi. Uzito unaupunguza kweli, ila besi inaanza kutembea na mwili wako, ukigeuka nayo inageuka, na upinde unakosa mahali pa kutulia. Kwa kudonoa kwa vidole labda. Kwa upinde sahau.

Pedi ndo kitu rahisi kuliko vyote na mi ningeanzia hapo. Kipande cha mkeka wa yoga, kimekunjwa mara mbili, kimevishwa kitambaa cha pamba, kinakaa kwenye ukingo wa mgongo wa besi pale unapogusa nyonga. Kazi yake siyo kubeba, kazi yake ni msuguano, maana ukipiga uzi wa E, ule mnene, kwa nguvu besi inataka kujizungusha kwenye ncha yake na vanishi ikiteleza kwenye nguo hakuna kinachoizuia. Mambo mawili tu hapa: raba isiguse vanishi moja kwa moja, kuna raba zikikaa sana zinaacha doa au zinanata kabisa, na pedi ikae ukingoni, siyo katikati ya mgongo, ukibana katikati sauti inafifia unaisikia kabisa hasa chini.

Halafu kuna mguu wa pili, yaani fimbo ya mbao imebanwa kwenye chuma cha chini kwa klipu ya bomba, inashuka nyuma hadi sakafuni na kofia ya raba kama ya mkongojo. Aisee inasimama, sikatai. Ila inakufungia pembe moja, ukitaka kuinamia noti za juu, zile za kubonyeza nyuzi kwa gumba, inagoma, na klipu inapiga kelele kwenye noti fulani fulani za chini hata uikaze vipi. Nimeitoa.

Kilichobaki kwangu ni mguu wa chuma uliopindwa. Huu mtindo mpiga besi François Rabbath ndo aliufanya ujulikane, na fundi wa Ufaransa Christian Laborie akaja na wake wa kijiti cha mbao kinachoingia kwenye tundu lililotobolewa kwa mshazari chini ya besi. Kutoboa usijaribu nyumbani, peleka kwa fundi wa ala za nyuzi. Mi nilichukua chuma cha milimita 10, saizi ya soketi yangu, lile tundu la chini mguu unapoingia (pima yako, zinatofautiana), nikapeleka kwa mtu wa kuchomelea akakipinda. Tofauti ni kubwa jamani, ncha inasogea nyuma kuja upande wako, besi inalala zaidi kuelekea kwako na uzito unakuja karibu juu ya ile ncha, so shingo inakuwa nyepesi mkononi na gumba linabaki huru kabisa. Kasoro zipo: hakirudi ndani ya besi, kila safari unakichomoa, na skrubu ikilegea kidogo tu chuma kinajigeuza katikati ya wimbo, kwa hiyo piga tupa upande mmoja pawe bapa skrubu ipate pa kung'ata. Kofia ya raba nayo inaisha upande mmoja kwa sababu inagusa sakafu kwa mshazari, weka ya akiba kwenye begi.

Kama hupigi upinde kabisa, pedi peke yake inakutosha, usijisumbue na chuma. Na chochote utakachotengeneza kisibane zile mbavu za pembeni wala kisiingie skrubu kwenye mwili wa besi, ule ubao ni mwembamba sana na ufa wake kuziba ni gharama.