Maandalizi ya Januari Ayalandi: makundi ya Ulster au mtoano wa Connacht?

Mwaka 2024, katika soka ya Kigaeli (mchezo wa Ayalandi wa kutumia mikono na miguu), Kombe la McKenna, mashindano ya maandalizi ya msimu ya jimbo la Ulster, liligawa timu za kaunti 9 katika makundi matatu. Kila timu ilikuwa na uhakika wa mechi 2. Vinara na mshindi wa pili bora wakaenda nusu fainali. Ligi ya FBD ya jimbo la Connacht ilikuwa ligi kwa jina tu: kaunti 5, mtoano. Timu ikifungwa mechi ya kwanza, kocha alikuwa amewapima vijana wake kwa dakika 70 basi. Kwa kusaka chipukizi wa soka ya Kigaeli, Ulster ilikuwa bora, kwa mbali. Ila Connacht ilichezea ndani ya kuba la hewa (uwanja uliofunikwa kwa turubai lililojazwa hewa) la Bekan, kaunti ya Mayo, mita 150 kwa 100, ambako barafu haikuahirisha mechi. Dhoruba ya Januari 2025 ililichanachana kuba hilo.