Shule za msingi za serikali Dodoma mjini: nazipanga hivi kwa anayemtafutia mtoto nafasi

Najua kuna mtu atasema shule ya serikali hainunuliwi, elimu ni bila malipo tangu 2016, sasa mwongozo wa nini. Unainunua vizuri tu, ila hulipi dirishani. Unalipa kwenye kodi ya nyumba ya mtaa uliochagua kukaa, kwenye nauli, uji, hela ya mlinzi, rimu za mitihani, sare pea mbili na sweta zito maana ule upepo wa Juni na Julai huku kwetu hauna huruma. Na mji wenyewe umejaa haraka, sensa ya 2022 ilituhesabu watu 765,179 jijini, kila ukipita unakuta kiwanja kipya kimejengwa na watoto wa humo wote wanaenda shule ileile iliyokuwepo.

Halafu sahauni habari za kumi bora. NECTA wenyewe, yaani Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule zilizoongoza tangu mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo ukiona orodha inazunguka kwenye magrupu ya wazazi ujue kuna mtu kakaa kaipanga mwenyewe, kama ninavyofanya mimi hapa.

Namba moja kwangu, kwa mtoto wa awali mpaka la tatu, ni shule anayofika kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa wala korongo. Hata kama matokeo yake ni ya katikati. Watu wa kuja hili la korongo hawalielewi mpaka mvua zianze Desemba, ile njia ya mkato iliyokuwa mchanga mtupu miezi yote inageuka mto ndani ya nusu saa na mtoto yuko ng'ambo. Piteni hiyo njia kwa miguu kabla hamjaandikisha, siyo kwa gari. Na kumbuka mtoto anatakiwa awe pale asubuhi mapema kuwahi namba, akichelewa anakula adhabu ya usafi au anakosa kipindi, sasa wa miaka sita anayesubiri daladala ambayo konda hataki wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo atawahi saa ngapi? Ukimpandisha bajaji kila siku hiyo hela kwa mwaka inakusogeza karibu na shule ya kulipia, bora ujue mapema.

Namba mbili ni shule kongwe za katikati ya mji, upande wa Uhuru, Makole, Viwandani na maeneo hayo. Walimu hawakimbii kwa sababu wanakaa mjini na usafiri upo, miti ya kivuli ipo (kwa jua la Dodoma hicho siyo kitu kidogo), na mara nyingi kuna historia ya matokeo ya miaka mingi ya kuangalia. Tatizo kila mzazi kashajua hivyo, wafanyakazi wa maofisini wanashusha watoto pale wakienda kazini, kwa hiyo uliza darasa moja lina watoto wangapi kabla ya kuuliza kitu kingine. Kwangu hizi zinapanda kuwa namba moja mtoto akifika la nne, akiwa na akili ya kupanda daladala mwenyewe na kushuka anapotakiwa.

Namba tatu, shule mpya za pembezoni, huko Mtumba, Iyumbu, Nala na kwingineko mji unakokwenda. Majengo yananukia rangi, madawati yapo, vyoo vizima. Ila jengo halifundishi, unaweza kukuta madarasa nane na walimu watano, na mwalimu mmoja anabeba hisabati kuanzia la tatu mpaka la saba. Shule ya hivi nichukulie kama nimeshajenga huko, siyo nihame kuifuata.

Namba nne ni za serikali za mchepuo wa Kiingereza, aina ya Olympio na Diamond za Dar au Arusha School. Nazitupa chini siyo kwa ubaya, nyingi zinafundisha vizuri, ila zina ada, nafasi zinagombaniwa, kuna usaili, na mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza hata kwenye shule zetu za kawaida. Kama hela ipo na nafasi ipo nenda, anzia ofisi ya afisa elimu msingi wa jiji. Wenye mtoto asiyeona wao hesabu yao ni tofauti kabisa, Buigiri wilayani Chamwino ipo kwa ajili yao miaka mingi, waanzie huko.

Mwisho wa orodha naweka shule yoyote ya mtaa uliojaa ghafla ambayo watoto wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Ukiweza kuikwepa ikwepe.

Sasa matokeo yanasomwaje, maana watu wanaangalia herufi tu wanaondoka. Ukifungua ya darasa la saba kwenye tovuti ya NECTA, ukachagua mkoa, halmashauri, shule, pale juu utaona waliofanya mtihani na wastani wa shule. Masomo ni 6, kila moja 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni A, 181 mpaka 240 B, 121 mpaka 180 C. Shule yenye wastani wa 178 na yenye 124 zote zinaandikwa C, na hizo siyo shule sawa hata kidogo! Angalia miaka mitatu mfululizo, na angalia idadi, B ya watoto 30 na B ya watoto 200 hazina uzito mmoja. Halafu shuka kwenye Hisabati na English peke yake, Kiswahili karibu kila shule kinabeba wastani.

Kuna kitu kingine ninachokiangalia sana. Chukua upimaji wa darasa la nne wa 2021 uone walikuwa wangapi, halafu la saba la 2024, maana ni walewale. Kama waliingia 180 wametoka 120 uliza wengine walienda wapi. Inaweza kuwa kuhama, inaweza kuwa utoro, inaweza kuwa shule inakaririsha wale dhaifu ili wastani upendeze. Jibu la mwalimu mkuu hapo litakuambia mengi kuliko wastani.

Na ukienda kwa mwalimu mkuu usikae tu ukisubiri fomu, angalia ukutani. Ofisi nyingi zina jedwali limebandikwa, safu tatu: mahitaji, yaliyopo, upungufu. Walimu, madawati, matundu ya vyoo, nyumba za walimu, yote yako hapo. Viwango vya serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 45, tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Ukisoma safu ya upungufu huhitaji kuuliza. Kisha nenda saa nne wakati wa mapumziko uone kama uji unanywewa na wote au na waliochangia tu, na kama kuna maji ya kunawa au tenki ni pambo. Ubao wa matangazo nao, mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe, ukikuta karatasi ya mwaka juzi imekauka na jua, hiyo michango mtakayoombwa muiulizie kwenye kikao.

Uandikishaji ni Oktoba mpaka Desemba, nenda na kopi ya cheti cha kuzaliwa, na kama cha RITA bado anza kukifuatilia leo usingoje. Anayehama adai namba ya PREM ya mtoto (ile ya mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi) na uhamisho upitishwe kwenye mfumo, barua ya mkononi peke yake itakusumbua kule uendako. Ukitaka kumhamisha fanya mwanzo wa la tano, akishasajiliwa kufanya mtihani wa kumaliza utagonga mwamba.