Chrome Remote Desktop: faili lipo kwenye kompyuta ya Goba, mimi niko msibani Bukoba

Hii nimeiandika kwa ajili ya yeyote mwenye kompyuta ya mezani nyumbani na kazi zake zote zimo humo humo. Mimi ni mkadiriaji majenzi, nafanyia kazi nyumbani Goba, Dar es Salaam. Mwezi uliopita tukapata msiba wa shangazi Bukoba, nikapanda basi na begi moja tu, maana unaenda kuzika huendi kufanya kazi. Siku ya tatu, tumezika jana yake, saa tano asubuhi mwenzangu ninayeshirikiana nae kazi ananipigia kutoka Arusha, zabuni tunayoijaza kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, inafungwa saa kumi jioni na bei alizonazo ni za zamani. Nilizorekebisha zipo kwenye Excel, Goba, na nilisahau kumtumia.

Ndugu pale msibani wakasema si mtoto aliyeko nyumbani aitume tu kwa imeili? Ningefanya hivyo kama faili lingekuwa moja. Folda ile ina mafaili matano majina yanakaribiana, na moja tu ndo lina bei mpya ya nondo na mbao, bila kulifungua na kuangalia safu ya bei huwezi kulijua, na mwanangu yuko kidato cha pili, bei ya nondo ataijulia wapi. Ukipeleka bei ya zamani ukashinda, umejishindia hasara, utajenga huku unaongezea hela yako mfukoni.

Kilichoniokoa ni kwamba kama miezi mitatu nyuma kijana mmoja wa ofisi ninayofanya nayo kazi alinikalisha chini akaniwekea Chrome Remote Desktop, programu ya kuingia kwenye kompyuta yako ukiwa mbali, unaiona skrini yake na kuiendesha kwa simu au kompyuta nyingine. Ni ya Google, ni bure. Unaingia remotedesktop.google.com kwenye kompyuta ya nyumbani ukiwa na akaunti yako ya Gmail, unashusha programu yake ndogo, unaipa kompyuta jina, unaweka PIN ya tarakimu zisizopungua sita, basi. Haikuchukua hata robo saa. Siku ile nilimwitikia tu, sikuona nitaitumia lini.

Sasa nafungua app kwenye simu, jina la kompyuta naliona lakini inasema haipo hewani. Napiga nyumbani, mwanangu anapokea, "Shikamoo mama, luku imeisha toka usiku." Hapo ndo mjue, hii kitu haiwezi kuwasha kompyuta iliyozimika, hamna programu ya aina hii inayofanya hivyo peke yake, lazima umeme uwepo na intaneti iwepo. Nikanunua luku kwa simu, meseji ikaja na tokeni yake ya namba 20, nikaifowadi kwa dada wa nyumbani, mtoto akaingiza, taa zikawaka. Nikamwambia washa kompyuta halafu usiguse kitu.

Na hapa ndo nilipoipenda. Ikishawekwa kwenye Windows inakaa kama huduma inayoanza yenyewe kompyuta ikiwaka, haisubiri mtu aingie kwanza. Kwa hiyo mtoto hakuhitaji nywila yangu ya Windows, niliikuta skrini ya kufungulia imesimama, nikaandika nywila mwenyewe nikiwa nimekaa chini ya mgomba Bukoba. Kwa sisi tunaotunza mahesabu ya wateja hilo ni jambo kubwa, sitaki kumsomea mtu nywila kwenye simu hata kama ni mwanangu.

Kwenye simu skrini inakuwa ndogo, sifichi. Excel yenye safu ishirini kwenye kioo cha simu inataka uvumilivu, unavuta kwa vidole viwili kukuza, unasogeza, unakuza tena. Kuna namna mbili za kuigusa, moja kidole kinakuwa kama mausi ya laptop, nyingine unagusa pale pale unapotaka. Tumia ile ya kwanza, vitufe vya Excel ni vidogo ukigusa moja kwa moja utabonyeza cha jirani. Nikafungua la kwanza, sio. La pili, nondo ni bei ya mwaka jana, sio. La nne ndo lenyewe, nikaliona kwa macho yangu, moyo ukatulia.

Kulitoa nikafanya hivi: nikafungua Gmail kwenye kompyuta ile ile ya Goba, nikambatanisha, nikamtumia mwenzangu Arusha. Faili halikupita kwenye simu yangu wala kwenye bando langu, limetoka Goba limeenda Arusha, mimi naangalia tu. Michoro niliyomtumia pamoja nalo ilikuwa mizito, na Gmail inachukua mpaka MB 25, ikizidi hapo inapandishwa yenyewe Google Drive, hifadhi ya mafaili mtandaoni, na anayetumiwa anapata linki. Hiyo ikachukua muda kidogo kupanda maana intaneti ya nyumbani kupandisha sio kama kushusha. Ungekuwa na laptop badala ya simu ungefungua ukurasa ule ule kwenye Chrome, pembeni kuna sehemu ya kushusha faili moja kwa moja. Saa tisa kasoro mwenzangu akanipigia, ameshaingiza bei zote.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini usiweke kila kitu Drive toka mwanzo. Naweka baadhi. Ila nafasi ya bure ni GB 15 na inagawana na imeili na picha za simu, michoro ya miradi mitatu tu imeshajaa. TeamViewer na AnyDesk nazo zinafanya kazi hii, ila ya bure ni ya matumizi binafsi, ya biashara unalipia. Ile Remote Desktop ya Windows yenyewe, ukiwa na toleo la Windows Home kompyuta yako haiwezi kuingiliwa, inataka toleo la Pro.

Mambo matatu ya usalama nayasema kwa uzito kabisa. Kila unachofanya kwa mbali kinaonekana kwenye skrini ya nyumbani, mwanangu aliona mshale unatembea akaita dada yake, kwa hiyo kama ni siri hakikisha hamna mtu mezani. La pili, programu hii ina sehemu ya kumsaidia mtu mwingine kwa msimbo wa namba 12. Mtu akikupigia anasema yuko benki au kampuni ya simu anaomba usome msimbo huo, kata simu. Ukimpa na ukakubali, kompyuta ni yake, ataona vyote ulivyoviona wewe. Wazazi wetu waambieni hili kwa mdomo, msingoje walisome. La tatu, akaunti ya Gmail iwekeeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, kwa sababu sasa hiyo akaunti ndo ufunguo wa mlango wa mbele.

Niliporudi Dar nilibadilisha vitu viwili. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nikaweka kompyuta isilale kabisa, skrini izime lakini yenyewe ibaki macho, maana ikilala huipati. Halafu nikaingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, nikaweka kwamba umeme ukikatika na kurudi iwake yenyewe bila mtu kubonyeza, kompyuta nyingi za mezani zinayo hiyo sehemu. Juzi nilikuwa saiti Kibaha umeme ukakatika Goba, uliporudi nikasubiri kama dakika tano nikafungua simu, kompyuta iko hewani na nyumbani hakukuwa na mtu.