Dragon Age: Origins, gemu ambamo fani ya mhusika ina uzito

Dragon Age: Origins, gemu ambalo kampuni ya BioWare ya Kanada ililitoa mwaka 2009, lina fani tatu tu: mpiganaji, mnyemelezi na mchawi. Idadi hiyo ni ndogo, lakini magemu yanayoitendea haki fani ya mhusika kama hili ni machache, kwa kuwa hapa pamoja na mbinu za kupigana unachagua pia nani atakuogopa na sheria ipi itakubana.

Uchawi ndio unaodhihirisha jambo hili vizuri zaidi. Mbilikimo, yaani mtu wa jamii ya kubuniwa ya watu wafupi, hawezi kuwa mchawi hata mchezaji akitaka, kwa sababu mbilikimo wa nchi za Thedas hawaoti ndoto, na ulimwengu wa roho ambako uchawi huchimbuka umefungwa kwao. Binadamu au Mwelfi (mtu wa jamii nyingine ya kubuniwa, yenye masikio yaliyochongoka) anayechagua fani hiyo huanzia katika mnara wa ziwani, chini ya ulinzi wa askari wa dini waitwao Templar. Mtihani wake wa kwanza ni kupelekwa katika ulimwengu huo akabiliane na pepo, huku askari hao wakiusimamia mwili wake, tayari kumuua akipagawa. Damu ya kila mwanafunzi huhifadhiwa kichupani ili akitoroka afuatiliwe.

Kwa mbilikimo asiye na tabaka zinabaki fani mbili, na kwa maoni yangu unyemelezi ndio unaomkaa. Katika jiji la Orzammar mtu wa namna hii ana chapa usoni, haruhusiwi kushindana uwanjani, na riziki yake hutokana na kumtumikia Beraht, bwana wa magendo. Kisa chake cha mwanzo humwingiza uwanjani kwa hila, akiwa amevaa deraya ya mpiganaji aliyelewa chakari, naye hushinda mpaka uso wake unapofichuka. Ukimfanya mpiganaji kamili, unabaki kujiuliza ni nani aliyemfundisha.

Kasoro iliyonikera ni uchawi wa damu, yaani ule unaotumia damu kama nguvu yake. Umepigwa marufuku na dini ya nchi, umemharibia maisha Jowan, rafiki wa mhusika mchawi, na njia ya kuupata ni kupatana na pepo katika kisa cha mji wa Redcliffe. Lakini ukishaujua unautumia mbele ya wenzako wa safari: Alistair, aliyelelewa ili awe Templar, na Wynne, mchawi mzee mshika sheria, na hakuna anayekukemea. Isitoshe, ukishafunguliwa mara moja hubaki wazi, hivyo mchezaji mjanja hupatana na pepo, kisha hurudia mchezo aliouhifadhi kabla ya mapatano, akabaki na uchawi bila kuulipia. Waandishi waliojenga mnara ule kwa makini kiasi kile hawakupaswa kuacha mwanya huu.

Mchawi anayepigana kwa upanga amepangwa vizuri zaidi: ujuzi wake hutoka kwa roho iliyonaswa katika magofu ya Waelfi ndani ya msitu wa Brecilian, na kwa mchawi aliye Mwelfi unakuwa kama urithi wa wahenga wake.

Picha zimechakaa, na maongezi ni marefu, yote kwa lugha za kigeni, kwa hiyo asiyependa kusoma atachoka mapema. Anayevumilia aanze na mbilikimo mnyemelezi, kisha arudi kama mchawi Mwelfi, na uchawi wa damu auache kabisa.