Herufi za sumaku za Kariakoo: nzuri, ila A ni moja tu

Jamani nimemchukulia mwanangu wa miaka 4 zile herufi za plastiki zenye sumaku pale Kariakoo mtaa wa Kongo, rangi zinawaka na kwenye friji zinanata fresh. Shida seti ni ya Kiingereza, herufi 26 kila moja ipo moja, sasa "mama" utaiandikaje na M moja na A moja? Q na X zimekaa tu hazina kazi. Ikabidi ninunue seti 2. Jioni tunapanga maneno mawili, halafu visoda (vifuniko vya chupa za soda) anavitenga kwa rangi dakika 10 hivi, anapenda mno! Ila M moja sumaku imeshachomoka, kama una mdogo anayetia vitu mdomoni usimwachie kabisa, akimeza ni hatari.