Wosia Mbili kwa Ada Moja: Tathmini ya Huduma ya Wosia wa Wanandoa Jijini Mwanza

Ofisi ninayoizungumzia hapa ni ya mawakili, ipo katikati ya jiji la Mwanza, ghorofani katika jengo la zamani lisilo mbali na Barabara ya Nyerere, na imekuwa ikitangaza huduma iitwayo "wosia wa wanandoa" kwa ada ya shilingi laki mbili na nusu. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu nina malalamiko juu yake ambayo ningependa yasomwe kama maoni ya mteja na si kama mashtaka. Mume wangu nami tuliitumia, tukalipa ada yote, na tukatoka na nyaraka tulizozihitaji. Huduma yenyewe ni nzuri, na uzuri wake haumo katika karatasi iliyopigwa chapa na kugongwa muhuri, bali katika maswali yaliyotangulia karatasi hiyo. Kasoro zake, karibu zote, zimo katika fomu ya awali na katika ada ndogo ndogo zinazojitokeza baadaye.

Jambo la kwanza ninalolisifu ni kwamba wakili hakukubali kutuandikia wosia mmoja wenye sahihi za wote wawili, ijapokuwa wanandoa wengi huomba hivyo kwa kudhani kwamba ni rahisi zaidi. Alitueleza kwa utulivu kwamba wosia ni tamko la mtu mmoja juu ya mali yake, kwamba mwenyewe anaweza kuubadilisha au kuufuta wakati wowote akiwa hai na mwenye akili timamu, na kwamba karatasi moja ya watu wawili huzua ubishi mara tu mmoja anapofariki na aliyebaki anapotaka kubadilisha kifungu. Kwa hiyo tuliandikiwa wosia mbili zinazofanana karibu neno kwa neno: wa kwake unaniachia mimi, wa kwangu unamwachia yeye, na endapo mwenzake ametangulia basi mali inakwenda kwa watoto kwa mafungu yaliyotajwa. Alituonya pia kwamba kufanana huko hakumfungi anayebaki. Nikifiwa, naweza kuandika wosia mwingine kesho yake. Na kwa wale ambao mirathi yao huendeshwa kwa ile sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliachiwa na ukoloni na bado inatumika nchini, ndoa mpya peke yake hufuta wosia uliotangulia. Mume wangu aliposikia hayo alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kazi kubwa ilikuwa orodha ya mali, na hapa ndipo ofisi hii inapostahili ada yake. Fomu waliyotupa mapokezini haikusaidia kitu. Ilikuwa imetungwa kwa ajili ya mtumishi wa mjini mwenye nyumba, gari na akaunti ya benki. Haikuwa na nafasi ya mtumbwi, injini ya boti, nyavu, ng'ombe, hisa za SACCOS wala deni la kikundi, na sehemu yote ya "mali za mtoa wosia" ilikuwa imeandikwa kana kwamba mwenye mali ni mume na mke ni mtu wa kupokea tu. Wakili aliisoma, akaiweka pembeni, akachukua karatasi tupu. Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa ya mtu aliyezaliwa huku.

"Mzee, hao ng'ombe wa Misungwi wako kwa nani, na wana alama gani?"

Mume wangu alijibu kwamba wapo kwa mdogo wake, na kwamba kila mtu pale kijijini anawajua. Wakili akasema kwamba kila mtu pale kijijini anawajua leo, mwenyewe akiwa hai; siku akiondoka, mdogo wake naye atakuwa na kumbukumbu zake. Ikaandikwa idadi, rangi, alama ya sikio, jina la anayewachunga, na makubaliano ya nani anamiliki ndama. Mtumbwi uliopo mwalo wa Kirumba ukaandikwa pamoja na namba yake ya usajili, na injini ikaandikwa peke yake kwa namba iliyogongwa juu ya chuma, kwa kuwa injini huhamishwa kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine na ndiyo yenye thamani kubwa. Kibanda changu cha vitenge sokoni alikiondoa kabisa katika orodha. Kibanda ni mali ya halmashauri, nami ni mpangaji. Ninachoweza kuusia ni vitenge vilivyomo ndani, na anayerithi biashara atapaswa kwenda mwenyewe kuomba mkataba wa upangaji. Fedha za mitandao ya simu ziliandikwa kwa namba za laini bila namba za siri, kwa sababu wosia husomwa mbele ya watu.

Nyumba yetu ya Buhongwa ilichukua muda mrefu kuliko vitu vingine vyote. Hati ina jina la mume wangu peke yake, ingawa mshahara wangu wa ualimu ndio uliopandisha kuta na yeye akaezeka. Wakili alieleza kwamba mtu huusia kilicho chake tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua masilahi ya mwenzi aliyechangia kwa kazi yake katika ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake, lakini kutambuliwa na sheria baada ya ubishani mahakamani si sawa na kuandikwa katika hati kabla ya ubishani. Alitupa njia mbili. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambapo mmoja akifariki nyumba hubaki kwa mwenzake moja kwa moja bila kupitia wosia. Ya pili ni umiliki wa mafungu, ambapo kila mmoja ana sehemu yake na anaiusia apendavyo. Tulichagua ya kwanza. Kazi ya kubadilisha hati haimo katika ada ya wosia, jambo ambalo tangazo lao halisemi, na ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kusemwa kwa herufi kubwa, kwa sababu kwa wanandoa wengi wa hapa jina lililo juu ya hati ndilo tatizo lenyewe.

Huenda msomaji akauliza kwa nini watu waliofunga ndoa kanisani wahangaike kiasi hicho. Sababu ni kwamba katika nchi yetu sheria ya mirathi si moja. Ndugu wakidai kwamba marehemu aliishi kwa kufuata mila za kabila lake, mahakama hutazama mtindo wa maisha yake na kusudio lake, na mila ikishinda, hutumika kanuni zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo kwa kabila zinazofuata ukoo wa baba humwacha mjane bila fungu la urithi, kwa maelezo kwamba watoto wake ndio watakaomtunza. Wajane wawili wa Shinyanga, mkoa jirani na wetu, walizipinga kanuni hizo hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikawapa haki. Katika Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya alikwisha kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume. Wakili wetu alilitaja shauri hilo kwa furaha ya wazi, kama shabiki anayesimulia bao la timu yake, na kwa haki kabisa: bila ule wosia wa baba, Holaria asingekuwa na shamba la kuuza.

Kwa sababu hiyo hiyo, alishauri mashahidi wanne, ingawa wawili wangetosha. Katika kanuni za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, na kwa asiyejua kusoma huwa wanne, wawili kwa wawili. Tukawaita kaka wa mume wangu, shangazi yangu, mwalimu mwenzangu na jirani. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa kupewa chochote, wala mume au mke wake, kwa kuwa shahidi anayenufaika na wosia hujiweka katika hatari ya kupoteza alichoachiwa. Siku ya kusaini, wakili aliwakalisha upande mmoja wa meza, akahakikisha wote wanatuona tukishika kalamu ya wino, na tukatia sahihi chini ya kila ukurasa, si wa mwisho peke yake. Kaka wa mume wangu alipoinuka ili apokee simu, kila kitu kilisimama mpaka aliporudi kitini.

Kifungu kimoja hakikuhitaji maelezo marefu kwa watu wa ziwani. Ni kile kinachosema kwamba mwenzi atahesabiwa kuwa amerithi endapo tu ataishi siku 30 baada ya kifo cha mwenzake. Vinginevyo mali inakwenda moja kwa moja kwa watoto, chini ya walezi waliotajwa. Wanandoa husafiri pamoja. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kufika Ukara, na huku kwetu ni nadra kukuta ukoo ambao haukuguswa na mojawapo ya misiba hiyo.

Malalamiko yangu sasa. Rasimu ya kwanza ililetwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na shangazi yangu, aliyekuwa shahidi, hasomi lugha nyingine; sikuona sababu yoyote ya kumsainisha bibi wa watu karatasi asiyoielewa. Tulipolalamika, ofisi iliandika upya kwa Kiswahili bila malipo, lakini ikahesabu kazi hiyo kuwa ndiyo "marekebisho ya mara moja" yaliyomo katika ada, hivyo tulipotaka kubadilisha mlezi mmoja wa watoto tulitozwa shilingi elfu thelathini. Hilo halikuwa haki. Vilevile, tuliambiwa mwishoni kabisa kwamba kuhifadhi wosia katika kabati la ofisi hulipiwa kila mwaka. Tulizichukua bahasha zetu. Wosia unaweza kuhifadhiwa benki, au kwa RITA, wakala wa serikali ambao nao huandika na kutunza wosia, na anayefikiria huduma ya wakili binafsi afike kwanza katika ofisi yao ya wilaya aulize utaratibu na gharama, kisha alinganishe.

Upande wa mafao, ofisi ilikuwa mkweli. Nilitaka kumwandikia mama yangu mzazi sehemu ya mafao yangu ya utumishi, nikaelezwa kwamba malipo ya wategemezi hutolewa na mfuko kwa utaratibu wa sheria ya mfuko wenyewe, na wosia hauna nguvu hapo. Vilevile walisema wazi kwamba wosia hauondoi mahakama: msimamizi aliyetajwa bado ataomba kuthibitishwa, atalipa madeni kwanza, na katika mahakama za juu atatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Rafiki yetu Mwislamu tuliyempeleka pale aliambiwa kwamba kwa imani yake anaweza kuusia theluthi moja tu ya mali, na si kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Wakamshauri aanze kwa shehe wake na hawakumtoza hata senti.

Kuna swali moja ambalo fomu ilikuwa na haya ya kuliuliza na wakili hakuwa nayo. Fomu inasema "watoto wa ndoa". Wakili alimwambia kila mmoja wetu kwa zamu, "Naomba mwenzio atupishe kidogo," akauliza kama kuna mtoto mwingine popote, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki katika mali ya mzazi wake, na mtoto anayejitokeza siku ya arobaini akiwa hakutajwa huweza kuusimamisha mgawo wote. Nilikaa kwenye benchi la nje wakati wa zamu ya mume wangu. Sijui alijibu nini, na rasimu iliyofuata haikuwa na jina jipya.

Naipendekeza huduma hii kwa wanandoa wenye ndoa moja, watoto wanaojulikana, na mali ambayo wako tayari kuitaja mbele ya mwenzi bila kuficha, mradi waombe Kiswahili tangu rasimu ya kwanza na wadai orodha ya ada zote kwa maandishi. Haiwafai wenye familia mbili, au mume mwenye wake zaidi ya mmoja, kwa sababu wakili mmoja hawezi kuwashauri kwa uaminifu watu ambao masilahi yao yanagongana, na ile ada ya laki mbili na nusu haikupangwa kwa kazi hiyo. Familia za namna hiyo zitafute kila upande wakili wake, na bei ijadiliwe kabla faili halijafunguliwa.