Uzoefu wangu wa kupima na kutibiwa upungufu wa damu kliniki ya wajawazito

Nilianza kliniki ya ujauzito wangu wa pili nikiwa na wiki 14, katika zahanati iliyo karibu na nyumbani, hapa Morogoro. Siku hiyo vifaa vya kupimia wingi wa damu vilikuwa vimekwisha, hivyo muuguzi alinifunua jicho, akatazama viganja vyangu, akaandika kwenye kadi kwamba sina upungufu. Nilipewa vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na asidi ya foliki vya kuongeza damu, kimoja kwa siku. Hakuniuliza kama ninakula udongo, hamu ambayo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, nami kwa aibu sikusema, ingawa wakati huo sikuweza kupita sokoni bila kuununua.

Nilipofika wiki ya 20 nilikuwa nikiishiwa pumzi kwa kutandika kitanda tu, nikaenda kituo kingine cha afya. Huko nilichomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kimashine kidogo, na muda si mrefu jibu likatoka: wingi wa damu 8.6. Katika miezi mitatu ya katikati mjamzito hatakiwi kuwa chini ya gramu 10.5 kwa desilita, na katika miezi ya mwanzo na ya mwisho chini ya 11.

Mkunga alinipima malaria, akanipa dawa ya minyoo, akaongeza FEFO kuwa viwili kwa siku, yaani miligramu 120 za madini ya chuma badala ya 60. Alinieleza kwamba kipimo cha akiba ya chuma mwilini hawana, kwa hiyo wanaanza kutibu, na damu isipopanda ndani ya mwezi mmoja wanamtuma mgonjwa hospitali kutafuta chanzo kingine. Kisha akauliza, "Mama, hivi vidonge unavimeza na nini?" Nilikuwa nikivimeza na chai ya rangi kila asubuhi, na chai huzuia chuma kufyonzwa. Zahanati ya kwanza walihesabu vidonge vyangu kwa uangalifu mkubwa, lakini swali hilo hakuna aliyeliuliza.

Tangu siku hiyo nilivimeza usiku kwa maji ya chungwa. Choo kiligeuka cheusi kama mkaa, jambo ambalo mkunga alikuwa amenitahadharisha nisilishangae, na nilifunga choo kwa wiki mbili hivi, nikasaidiwa na papai na maji mengi. Mama mkwe aliniletea juisi ya rozela kila siku. Niliinywa kwa heshima yake, mchana, mbali na dawa.

Wiki ya 24 nilipima 9.8, wiki ya 30 nikafika 11.2, na hamu ya udongo ilikuwa imeisha bila mimi kupambana nayo. Vidonge nilipewa bure. Foleni ya kituo hicho ni ndefu mno, mara nyingi nusu siku, lakini nimehamishia kliniki yangu huko, na kila ninapofika ninaomba mwenyewe kuchomwa kidole, hata pale muuguzi anapoanza kwa kunifunua jicho.